Ndoo tisa kwa siku: somo la figo kutoka Musoma hadi Butiama

Ijumaa hii tunazungumzia figo, viungo viwili vyenye ukubwa wa ngumi, vilivyowekwa nyuma kabisa ya tumbo, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, sehemu yake ya juu ikiwa imekingwa na mbavu za mwisho. Figo moja ya mtu mzima ina uzito wa takriban gramu 150, pungufu ya robo kilo ya sukari. Pamoja na udogo huo, katika kila dakika moja figo hizo mbili hupokea zaidi ya lita moja ya damu, yaani kiasi cha moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ubongo wenyewe, pamoja na heshima yote tunayoupa, haupati kiasi hicho.

Sababu ya kuchagua maudhui haya ni kwamba maradhi ya figo yamekuwa yakitajwa mno katika misiba yetu. Mtu akiuliza marehemu alikuwa akisumbuliwa na nini, hujibiwa kuwa "figo zilifeli", kisha mazungumzo huishia hapo, kana kwamba ni gari lililopinduka jana barabarani. Ilhali kwa walio wengi figo haziharibiki kwa siku moja. Huharibika kwa miaka kumi au kumi na mitano, huku mwenyewe akila, akilima na akisafiri, na dalili zikiwapo mbele ya macho ya watu wa nyumbani ambao hawakufundishwa kuzisoma. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba watu wazima wapatao 7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na wa mjini walikuwa wengi zaidi kuliko wa vijijini.

Chekeche lisilojua uchafu

Binti wa dada yangu, ambaye kwao ni Bunda na anasomea uuguzi mjini Musoma, ndiye aliyenirahisishia kazi ya makala haya. Alipokuja likizo alikuwa na daftari lililojaa michoro ya figo ukurasa baada ya ukurasa, mingine imefutwa na kuchorwa upya mara tatu.

"Mjomba," alisema, "moyo tuliuelewa siku ya kwanza. Ni pampu. Mapafu nayo tuliyaelewa. Figo ndizo zilizotutoa jasho."

Kwa mujibu wa maelezo yake, tatizo halikuwa ugumu wa majina. Karibu darasa zima liliingia na picha moja kichwani, kwamba figo ni chekeche linalonasa uchafu na kuiacha damu safi ipite. Mwalimu wao akawauliza swali moja tu: chekeche litajuaje kipi ni uchafu na kipi ni chakula? Darasa likanyamaza.

Jibu la swali hilo ndilo ufunguo wa somo zima. Figo haichagui uchafu na kuutupa. Figo hutoa nje karibu kila kitu kilichoyeyuka katika maji ya damu, kiwe kizuri au kibaya, kisha hurudisha ndani kile ambacho mwili unakihitaji. Kinachobaki bila kurudishwa ndicho mkojo. Ni mfano wa mtu anayehofia nyoka ndani ya ghala lake: badala ya kumsaka gizani, hutoa nje magunia yote, kisha hurudisha moja baada ya jingine akihakikisha ni mtama wake. Nyoka hatarudishwa, hata kama ni wa aina ambayo mwenye ghala hajawahi kuiona. Kwa njia hiyo figo huweza kuiondoa hata sumu ngeni au dawa iliyotengenezwa mwaka jana kiwandani, ambayo mwili wa mwanadamu haukuwahi kuijua.

Tuingie ndani kidogo. Katika kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, ambavyo wataalamu huviita nefroni. Kila kimoja huanza na kishada cha mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele, kilichokaa ndani ya kikombe. Damu huingia kishadani kwa shinikizo, na maji yake pamoja na vitu vidogo vilivyomo husukumwa kupenya kuta za mishipa na kudondokea kikombeni. Mkazi wa karibu na mialo ya Musoma hatapata taabu kuelewa jambo hili. Wavu wa sangara una matundu makubwa na wavu wa dagaa una matundu madogo. Kuta za kishada hicho ni wavu wenye matundu madogo kupita kiasi. Chembe za damu hazipiti, protini kubwa hazipiti, bali maji, chumvi, sukari na taka iitwayo yurea hupita pamoja bila ubaguzi.

Kiasi kinachopita ni mililita 125 kila dakika. Kwa siku nzima ni lita 180.

"Mama," binti alimgeukia mama yake aliyekuwa jikoni, "hizo ni ndoo tisa za lita ishirini."

Dada yangu ameteka maji tangu utotoni na anajua ndoo tisa zina uzito gani shingoni. Aliuweka mwiko chini. "Kwa hiyo mimi nakojoa ndoo tisa?" Hasha. Mtu mzima hutoa mkojo wa kiasi cha lita moja na nusu kwa siku. Lita nyingine zaidi ya 178 zimerudishwa mwilini. Na kwa kuwa sehemu ya majimaji ya damu ya mtu mzima ni takriban lita tatu tu, maana yake ni kwamba majimaji hayohayo huchujwa na kurudishwa mara zipatazo 60 baina ya alfajiri moja na nyingine.

Kazi ya kurudisha hufanyika katika mfereji mwembamba unaoanzia kwenye kikombe. Sehemu ya mwanzo ya mfereji hurudisha karibu theluthi mbili ya maji na chumvi, na katika mtu mwenye afya hurudisha sukari yote. Lakini wabebaji wa sukari katika kuta za mfereji wana idadi maalumu. Sukari ikizidi katika damu, kama inavyokuwa kwa mgonjwa wa kisukari asiyepata tiba, wabebaji huzidiwa, sukari hubaki mferejini na kutoka na mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa huyo hukojoa sana na kushikwa na kiu isiyokatika. Waganga wa kale wa Bara Hindi walikwisha kuona kwamba mkojo wa wagonjwa wa namna hiyo hukusanya sisimizi.

Baada ya hapo mfereji hushuka hadi kina cha figo, hupinda kama kibanio cha nywele na kupanda tena. Kitanzi hicho kinaitwa kwa jina la Jakob Henle, Mjerumani aliyekieleza katika karne ya 19, na ndicho kilichofutwa na kuchorwa upya katika daftari nililolitaja. Kazi yake ni kuijaza chumvi sehemu ya ndani ya figo. Mfereji wa mwisho unapopita katika eneo hilo lenye chumvi kali, maji huvutwa kutoka mferejini kurudi mwilini, kwa kanuni ileile inayotumika kumkausha samaki: chumvi iliyo nje huyavuta maji yaliyo ndani. Ubongo ndio unaotoa amri. Mwili ukipungukiwa maji, homoni hutumwa na milango ya maji katika mfereji wa mwisho hufunguliwa, mkojo ukawa mchache na wa njano iliyokolea. Mwili ukishiba maji, milango hufungwa, mkojo ukawa mwingi na mweupe. Figo nzima inaweza kuukoleza mkojo hadi mara nne ya ukolevu wa damu.

Kamongo na mtaalamu wa New York

Si wengi katika mkoa wa Mara wanaofahamu kwamba sehemu ya elimu hii inahusiana na ziwa lao. Mwaka 1928 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Homer Smith, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha New York, alisafiri hadi Ziwa Victoria kumtafuta kamongo, samaki yule mwenye mapafu ambaye ziwa au kinamasi kikikauka hujichimbia matopeni na kukaa humo miezi mingi bila kula wala kunywa. Swali la Smith lilikuwa jepesi kulisema: kiumbe asiyepata tone la maji hutupaje taka zake?

Jibu alilolipata ni kwamba hazitupi. Akiwa majini, sehemu kubwa ya taka za protini kamongo huzitoa katika hali ya amonia, ambayo ni sumu kali lakini maji mengi huichukua haraka. Akiwa matopeni huigeuza amonia hiyo kuwa yurea, ambayo ni sumu nyepesi zaidi, figo zake huacha kutoa mkojo, na yurea hulimbikizwa mwilini hadi mvua inaponyesha. Smith aliipenda safari hiyo kiasi kwamba mwaka 1932 alichapisha kitabu alichokipa jina la *Kamongo*. Baadaye yeye na wenzake, wakitumia inulini, aina ya wanga inayopatikana katika mizizi ya mimea fulani, ambayo figo huichuja lakini haiirudishi, waliweza kuupima uchujaji wa figo za mwanadamu hai bila kisu. Zile mililita 125 kwa dakika hazikubuniwa.

Mwanadamu naye ini lake huigeuza amonia kuwa yurea, lakini hakupewa uvumilivu wa kamongo. Figo zake zikisimama kabisa, yurea na potasiamu hupanda, na potasiamu ikipita kiasi huusimamisha moyo. Ni suala la siku, si miezi.

Pamoja na kuchuja, figo zina kazi nyingine ambazo watu hawazihusishi nazo. Hutengeneza homoni inayouamuru uboho wa mifupa kuzalisha chembe nyekundu za damu, na kwa ajili hiyo mgonjwa wa figo wa muda mrefu huishiwa damu hata akila mboga za majani kila siku. Huikamilisha vitamini D ili mifupa ipate madini yake. Na huendesha shinikizo la damu: zikihisi kwamba damu inayozifikia ni pungufu, hutoa kemikali inayoanzisha mlolongo wa kubana mishipa na kuzuia chumvi. Hapo pana balaa la mzunguko, kwa kuwa shinikizo la juu huharibu vishada vya figo, na figo iliyoharibika hupandisha shinikizo. Mara nyingi daktari anapompokea mgonjwa hawezi tena kusema ni lipi lililotangulia.

Mfuko uliofungwa kando ya kitanda

Wodini, binti aligundua kwamba michoro yote ile ilikuwa na maana moja ya haraka: mkojo ni dirisha. Mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua, mgonjwa wa malaria kali, mtu aliyeungua moto, mwenye kuhara mfululizo, wote hawa huwekewa mpira wa mkojo, na muuguzi huandika kila saa ni mililita ngapi zimeingia katika mfuko. Mtu mwenye kilo 60 anatarajiwa kutoa walau mililita 30 kwa saa. Ikishuka chini ya hapo kwa saa kadhaa, hiyo ni taarifa kwamba damu haizifikii figo ipasavyo, na mara nyingi taarifa hiyo huja mapema kuliko nyingine. "Zamu ya usiku, Mjomba, sifuri kwenye ile karatasi inatisha kuliko kelele," alisema.

Aliniuliza pia swali aliloulizwa na mgonjwa, mzee aliyefanyiwa upasuaji na kuwekewa mpira huo: je, anaweza kuswali? Anaweza, na sala haimwondokei. Mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo mfululizo, kwa madhehebu ya Imam Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, hujisafisha kadiri awezavyo, hutawadha baada ya kuingia wakati wa kila sala ya faradhi, kisha huswali bila kuchelewesha. Wauguzi wasio Waislamu nao wakilijua hili wataacha kumwambia mgonjwa asubiri mpaka mpira utolewe.

Mzee wa Butiama

Katika likizo hiyo binti alikwenda Butiama kumsalimia babu yake mzaa baba. Kutoka Bunda si mbali. Gari hushika barabara kuu ya Musoma hadi Kiabakari, na kuacha lami ya Mwanza. Mzee huyu ni mkulima, mcheshi, na kama ilivyo desturi ya utani wa babu na mjukuu, alimpokea kwa kusema, "Karibu mke wangu, umeniletea nini kutoka mjini?"

Mke wake alikuwa akitazama miguu. Ilikuwa imevimba, na alipobonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki. Akauliza mambo mengine. Babu alieleza kwa fahari kwamba figo zake ni za kijana, kwa sababu huamka usiku mara nne au tano kukojoa. Alieleza pia kwamba magoti yalimsumbua kwa miaka mingi, lakini amepata dawa: hununua diklofenaki dukani, hunywa asubuhi na jioni. Dawa za shinikizo la damu nazo anazo, ila hizo huzitumia kichwa kinapouma. Mkojo wake hutoa povu kama la sabuni. Alidhani ni nguvu.

Wasomaji waliotufuata tangu mwanzo wanaweza kuisoma hali hii sawasawa na alivyoisoma mwanafunzi huyo. Povu lisilotulia ni protini. Wavu umechanika, na kile kilichopaswa kubaki ndani ya damu kinatoka nje. Protini ikipungua katika damu, na chumvi ikizuiwa mwilini, maji hujaa miguuni. Kukojoa kila mara usiku hakukuwa nguvu: ni mfereji ulioshindwa kuukoleza mkojo, hivyo taka ileile iliyokuwa ikitoka na nusu lita sasa inahitaji lita nzima. Zipo sababu nyingine za kuamka usiku, kama tezi dume na kisukari, lakini wingi wa mkojo peke yake si ushahidi wa uzima. Na dawa ile ya magoti, pamoja na jamaa zake kama ibuprofeni, huzuia kemikali ambazo figo huzitumia kuuacha wazi mshipa unaoingiza damu kishadani. Kijana anayeinywa siku tatu kwa jino hatadhurika kwa kawaida. Mzee mwenye shinikizo la juu anayeinywa mwaka baada ya mwaka anaziba mlango wa maji kwa mkono wake.

Jirani mmoja aliyekuwapo akatoa ushauri unaopendwa sana siku hizi, kwamba mzee anywe maji mengi, lita tano kwa siku, azisafishe figo. Ushauri huu unazunguka kila mahali, na kwa maoni yetu umewadhuru watu. Mtu mzima mwenye afya anywe maji kwa kadiri ya kiu na jua la mahali alipo. Lakini mwenye miguu iliyovimba kwa ugonjwa wa figo, kumwongezea lita tano ni kumjaza maji ambayo njia ya kuyatoa imebana. Yakizidi hupanda hadi mapafuni. Wala dawa za mitishamba zinazouzwa kwa jina la "kusafisha figo" hazijulikani kipimo chake, na kila kilichomo ndani yake kitapita katika mfereji uleule uliojeruhiwa.

"Babu," binti alisema, "nakuomba jambo moja tu. Kesho tukapime mkojo na presha."

"Mjukuu wangu, mimi siumwi."

"Najua huumwi, Babu. Ndiyo maana nataka twende sasa."

Walikwenda. Kijiti cha kupimia mkojo, ambacho hutumbukizwa na kusomwa kwa rangi ndani ya dakika mbili, kilionyesha protini nyingi. Shinikizo lilikuwa juu mno. Damu yake ilipopimwa Musoma, kreatinini, ambayo ni taka itokanayo na misuli, ilikuwa imepanda. Ifahamike kwamba kreatinini ni shahidi anayechelewa kufika mahakamani: inaweza kubaki ndani ya kiwango cha kawaida hata pale ambapo karibu nusu ya uwezo wa figo umekwisha kupotea. Kijiti cha mkojo humtangulia. Kwa sababu hiyo mtu yeyote mwenye kisukari au shinikizo la juu aombe kipimo hicho walau mara moja kwa mwaka, na mama mjamzito asikubali kutoka kliniki bila kupimwa shinikizo na mkojo, maana protini na shinikizo la juu kwa pamoja ni mtangulizi wa kifafa cha mimba.

Visababishi vya nyumbani

Kisukari na shinikizo la juu ndivyo vinavyoongoza duniani, lakini Mara ina mambo yake. Kichocho cha mkojo, ambacho hupatikana zaidi katika mabwawa na vinamasi vya bara kuliko ufukweni mwa ziwa, huweka mayai katika kuta za kibofu na sehemu ya chini ya mirija inayoshusha mkojo. Makovu yakiziba mirija, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba. Mtoto anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Selimundu, ambayo imeenea katika Kanda ya Ziwa, huharibu kitanzi cha Henle mapema, na mtoto mwenye maradhi hayo hukojoa kitandani hadi umri mkubwa. Wazazi wanaomchapa kwa hilo wanamchapa kwa kosa la figo.

Kisha kuna zebaki. Kule Buhemba, wilayani Butiama, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Mvuke wake huvutwa na pua, huingia katika damu na hujikusanya kwenye figo, katika sehemu ileile ya mwanzo ya mfereji inayofanya kazi kubwa ya kurudisha. Anayechomea jikoni anawapa sumu mkewe na watoto waliolala chumba cha pili. Wapo wanaojua na bado wanachomea ndani kwa kuogopa wezi.

Funga, mashine na ndugu anayetoa figo

Daktari alimwambia mzee mambo kadhaa, naye aliyapokea yote isipokuwa moja: kwamba asifunge Ramadhani. Aliniita mimi. "Sheikh, nimefunga tangu nikiwa kijana mdogo. Niache sasa, na kaburi liko karibu?"

Mgonjwa ana ruhusa yake katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, na ruhusa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wavivu. Tuliyoyaeleza juu kuhusu kitanzi yanaonyesha sababu. Mwenye figo nzima akifunga, mkojo wake hukolea na maji yake hubaki. Mwenye figo zilizoharibika hawezi kuukoleza. Ataendelea kupoteza maji tangu asubuhi hadi magharibi bila kuyarudisha, damu itapungua kufika kwenye figo, na sehemu iliyobaki nzima itapata jeraha jipya. Si kila mwenye ugonjwa wa figo anakatazwa. Ulio mwepesi hupimwa na daktari anayeaminika, na wengine huruhusiwa. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, humlisha maskini kwa kila siku, kibaba kimoja cha chakula kwa madhehebu yetu. Nilimwambia mzee kwamba aliyeruhusiwa akakataa ruhusa hajaongeza chochote, na tukahesabu vibaba pamoja.

Hajafika katika hatua ya mashine, na tunaomba asifike. Mashine ya kwanza ya kusafisha damu ilitengenezwa na daktari wa Uholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, wakati wa vita, na mgonjwa wa kwanza kuokolewa nayo alipona mwaka 1945. Hadi leo mgonjwa hulala kando yake takriban saa nne, mara tatu kwa wiki, maisha yake yote. Kwa familia za Mara zilizompeleka mtu wao Hospitali ya Bugando, Mwanza, hesabu haikuwa ya dawa peke yake. Ilikuwa nauli, chumba cha kupanga, na nani atabaki na watoto.

Njia nyingine ni kupandikizwa. Nchini kwetu upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017 kwa msaada wa madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Aliyetoa figo moja akiwa na afya huishi na ile iliyobaki, ambayo hukua na kuongeza kazi. Kwa upande wa sheria, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah liliamua mwaka 1988 kwamba kupandikiza kiungo cha namna hii kunajuzu kwa ridhaa ya mtoaji na bila kuhatarisha uhai wake, na kwamba kukiuza ni haramu. Ndugu anayeombwa figo asitishwe na kikao cha ukoo. Ridhaa iliyopatikana kwa kumwaibisha mtu mbele ya wazee si ridhaa.

Mzee sasa hunywa dawa ya shinikizo kila asubuhi baada ya sala, iwe kichwa kinauma au hakiumi. Miguu imepungua. Magoti bado yanamsumbua, na hilo hulisema kila anapopata msikilizaji. Alimwomba mjukuu wake amwandikie kwa herufi kubwa majina ya dawa ambazo hatakiwi kuuziwa, na karatasi hiyo huikunja ndani ya kofia yake kila anapokwenda duka la dawa.